Ule Bwana Harusi wa Kuangalia Mawimbi

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tatu 2018

Mupendwa mujukuu wangu Bertin,

Jambo kwanza. Uko muzima? Kichwa yako, ile yenye unajaza filozofi kule Lubumbashi, haijapasuka bado? Unakula? Mi koko yako Alphonse niko na nguvu. Goti moja tu njo inalia wakati ya mvua, ile ingine yote ni ya kijana, bamama ba soko banajua. Mama yako Adolphine iko muzima, kikohozi yake iliisha. Naandika mi mwenyewe, na zile herufi zangu za katekismu, juu nikimupa mutu aniandikie atapunguza matusi.

Barua yako ilifika, tukaisikia nyumba nzima. Unasema ule rafiki yako Jacques, mutoto wa kijiji ya Kazimia, aoe Gentille dada yako, juu siku moja mulitembea naye kule, akasimama mbele ya muti ya maua mupaka akasahau kula, na hakukata hata ua moja. Unasema mutu mwenye kupenda uzuri ya dunia bila kutafuta faida, moyo yake iko sawa. Tangu baba yako afariki, we njo mwenye neno ya mwisho juu ya dada yako. Na neno yenyewe njo hiyo? Ua? Mujukuu, hata mbuzi inasimamaka mbele ya maua, na hatuipatie bibi.

Kiisha unaandika: ua haina kazi, lakini iko kama mutu aliipanga. Haina kazi? Uliza nyuki. Mi sikusoma, lakini hakuna kitu yenye siijue kazi yake. Upepo ni ya kukausha samaki ndagala. Mamba ni ya kufundisha batoto kusikia bazazi. Na mi Mungu aliniumba juu bafilozofu bapate mutu wa kubaambia ukweli.

Sasa sikia. Jacques alikuya kututembelea. Tulimupa bukari ya muhogo na samaki ya mikeke mibichi, akasifu kila kitu: milima ya Ubwari, mawingu, mupaka mukia ya kuku. Gentille alikuwa anacheka tu. Mi wivu ilinishika, juu unajua Gentille ni bibi yangu, muke wa muchezo, njo vile kwetu koko anamuita mujukuu wake mwanamuke. Mutu anakuya kuniibia bibi, na mi nimupe kiti.

Kesho yake asubuhi upepo ikatoka upande ya Ubwari, ziwa ikasimama na mawimbi. Mutumbwi ya Willy jirani yetu ilikuwa inarudi na ndagala, bavuvi ndani, ikaanza kulala upande karibu na inchi kavu. Desturi unaijua: kila mwenye iko pale anaacha yenye iko nayo, anaingia maji, anashika kamba. Mwenye anauza anaacha bintu. Mwenye anagombana na bibi anaacha bibi, na furaha yote.

Tuliingia. Mi pia, na goti yangu. Bila mi ile mutumbwi leo ingekuwa Kigoma. Gentille aliingia mupaka shingo. Nageuka nione bwana harusi: iko juu ya jiwe. Mikono alikunja, kinywa wazi, anaangalia mawimbi. Machozi inamutoka.

Na pembeni yangu nani? Sebahire, ule muchungaji wa milima ya Minembwe mwenye alishuka na ng'ombe yake ya soko. Asubuhi ile ile alikuwa ananitukania ziwa, asema ni maji mingi bure, haina majani, haina hata pembe. Kwake uzuri ni pembe ya ng'ombe, njo basi. Kuogelea anajua kama vile jiwe inajua. Na aliingia, akakamata pua ya mutumbwi na mikono yote mbili, akaanza kuisemesha polepole kwa luga yake, vile banatulizaka ng'ombe ya kukasirika. Mutumbwi ikasikia. Bavuvi bote bakatoka bazima, Willy alivunjika mukono tu.

Nikamuuliza Jacques kule juu aliona nini. Akanijibu kama mutu mwenye anatoka komunio:

— Koko, mbele ya nguvu ile mutu anajisikia mudogo, kiisha anasikia ndani yake kitu kikubwa kuliko ziwa.

— Na kile kikubwa kilikuwa wapi, wakati Willy iko analia?

Akasema hajue kuogelea. Nikamuonyesha Sebahire, iko anatapika maji.

Usiniambie sijue uzuri. Ile ziwa naiangaliaka kila siku, na inaniingia ndani kuliko we na baprofesa bako. Lakini naiangalia kiisha kufunga kamba. Mwenye anaangalia kamba ikiwa bado, uzuri haikumufanya mwema. Ilimupatia tu fasi ya kujificha.

Gentille alimupatia Jacques chakula na heshima, akamusindikiza mupaka barabara. Kiisha akakaa karibu yangu, nguo bado na matope, akasema:

— Koko, umuandikie Bertin. Asiniulize kama namupenda. Namupenda. Aniulize kama naweza kuzama, na ule iko karibu anaangalia tu.

Batu ba Jacques ba Kazimia banakuya kiisha Pasaka kuchukua jibu ya ndoa. Bazee banangoja neno yako. Ile neno ya ua, iondoe. Na kama inabaki vile, panda gari, kuya uiseme hapa, mbele ya dada yako, ukimuangalia macho.

Mama yako anakusalimia, Fanny na Dany pia, na Dorothée wa Nundu anauliza utaoa lini we mwenyewe. Mungu akulinde barabarani, akufungue macho, na mikono pia.

Ni mi koko yako mwenye kukupenda hata ukiwa mujinga,

Alphonse