Kingereza ya Shemeji Ilunga

Yaya Ngoie wa ku Kilwa, jambo yako, na jambo ya batoto bote!

Nilifika muzuri huku Lubumbashi, kwa dada yetu Mwape. Lakini bwana yake, shemeji Ilunga, anatuchokesha na Kingereza. Anakijifunza juu asemezane na Bazambia benye banakuya kuuza bintu ku soko. Kila asubuhi anatuimbisha: «Where are you from?» Anasema ni «unatoka wapi», na shiye tujibu: «I am from Zaïre.»

Siku ya Mungu, kisha misa, shemeji akapotea. Tulipika bukari ya unga ya mahindi na ile samaki yako ya kukauka, tukamungoja mpaka bukari ikakuwa nguvu sawa jiwe. Njo anafika, anacheka peke yake, kinywa inanuka pombe. Mwape akasimama pa mulango, mikono ku kiuno. Miye nikamunongoneza: umuulize na Kingereza yake!

«Where are you from?»

Yaya, ule muntu akajinyoosha sawa iko mbele ya bendera, akajibu na sauti ya nguvu: «I am from Zaïre, citoyenne!» Eti anaita bibi yake mwananchi!

Mwape hakucheka hata kidogo. «Ah, unatoka Zaïre? Basi rudia kule, bakupe chakula.» Akafunga mulango.

Usihangaike, leo banasikilizana. Ninakukumbuka sana, yaya, umubusu mama. Na samaki yako ilikuwa tamu kabisa: sehemu ya shemeji nilikula miye, mpaka kichwa.

Mudogo yako, Kabwe