Saa sita za mama angani

Shosti, uko wapi? Pokea simu! Nimekwisha.

Mama yuko angani sasa hivi na nimemdanganya. Sikukusudia, naapa.

Unajua anavyoogopa ndege. Alikubali kwenda kumwona mjukuu, mtoto wa kaka kule ng'ambo, kwa sababu nilimwambia ni safari ya saa sita tu. Niliangalia tiketi: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nane mchana. Nikatoa. Sita! Mimi, mwalimu wa hesabu!

Kaka kanipigia sasa hivi hapa ofisi ya walimu. "Saa sita? Huku tuko nyuma yenu kwa saa saba, wewe! Ni kilomita elfu kumi na moja! Ni saa kumi na tatu!"

KUMI NA TATU, shosti.

Na mama alishaniambia, "Saa sita nitafumba macho nimwombe Mungu. Zikizidi, nitajua rubani kapotea."

Sasa ni saa tisa. Zimeshazidi! Simu yake imezimwa. Nani atamwambia?

Kaka anacheka tu.

Unajua kinachoniua? Pale uwanjani alinikumbatia akasema, "Kaka yako angenidanganya ili nipande. Wewe hujawahi."