Alimwona Erot Siku Moja Tu

Mke mwenzangu Akai,

Ejok? Najua huwezi kunijibu, lakini mimi siwezi kuanza maneno na mtu kabla sijamsalimia, na wewe ulikuwa mkali kwa mtu asiyesalimu. Kalamu siijui, shule mimi na wewe tuliiona kwa mbali tukipita na mbuzi. Anayeandika ni Mama Furaha, yule Mkongo wa kambi ya wakimbizi mwenye hoteli ya chai, uliyesema maandazi yake yanafaa kujengea. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengeneze. Ameliandika hata hilo la maandazi, na sasa amenuna.

Nina hasira, Akai. Nilingoja ipoe ndipo nizungumze nawe. Imekataa kupoa.

Nikupe ya nyumbani kwanza. Mbuzi wako mwenye sikio moja amezaa mapacha. Tumepiga kura, tunaambiwa sasa tuna gavana wetu na hatutangoja tena kila kitu kitoke Kenya. Bado nasema Kenya kana kwamba iko ng'ambo ya ziwa, na vijana wananicheka. Watu wa mafuta wanapita na magari makubwa, vumbi lao tunalinywa kwenye chai. Na nyuma ya watu wa mafuta wamekuja watu wa magazeti, na mmoja wao ndiye huyu anayenichoma.

Huyu anaandika mambo ya michezo. Jina lake sitaki liingie katika barua yako. Anavaa kofia ya duara, basi tumwite Kofia. Mabondia wakitaka kupigana, yeye huandika kabla: fulani atashinda, fulani ataanguka. Mama Furaha hunisomea. Ungekuwepo ungeligombeza gazeti kama ulivyokuwa ukiigombeza redio, unaigeuzia mgongo ati isikuone ukisikiliza.

Nilimsikiliza Kofia mara nyingi mpaka nikamjua. Kijana akitoka timu ya askari, wale wenye nguo zinazofanana, huyo "ana akili ya ulingoni." Mkimbizi wa kutoka Sudan "ana njaa ya ushindi." Kijana wetu, Mturkana, "ana nguvu za asili." Nguvu za asili, Akai. Kama punda. Kila mmoja amepewa mzigo wake kabla hajatupa konde hata moja.

Sasa sikiliza habari ya mjukuu wako. Erot ni damu yako, mtoto wa binti yako, lakini unajua mgongo huu wangu ulimbeba sawa na wako. Wiki ile tulipokuzika alikuwa na pigano pale kambini. Tulimkataza. Akasema alikwambia atapigana, na mtu hamwambii nyanya yake uongo kisha akamfukia. Akaenda. Hakuwa amekula. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kama vichwa vyetu sote, na shingo yangu ilikuwa tupu, shanga zote nimezivua. Raundi ya pili akaanguka, na akakaa pale chini, hata kuhesabiwa hakusikia.

Kofia alikuwepo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona. Akaandika kwamba kijana amejinyoa kipara kama bingwa wa sinema, lakini kipara hakirushi ngumi. Akaandika ana moyo mdogo, na kwamba watoto wa wafugaji huchoka mapema. Mama Furaha alipofika hapo alitaka kuruka mstari. Nikamwambia asome, akasoma, kisha akakunja gazeti.

"Bibi, ile mutu haikujua," akaniambia.

"Angeuliza," nikasema.

Kichwa kile kilinyolewa kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyeshika wembe. Nywele zake... basi. Mama Furaha, endelea.

Tangu siku ile Kofia aliandika yale yale juu ya Erot. Erot akashinda Kakuma, Kofia akasema mpinzani alikuwa na homa. Akashinda Lokichoggio, Kofia akasema ni bahati. Kila akitabiri, anarudi siku ya matanga yako, anachota pale pale. Na ubaya si gazeti, karatasi tunawashia moto. Ubaya ni kwamba Erot anasoma. Mtoto akaanza kuchoka mahali gazeti limesema atachoka. Nilimwona kwa macho yangu: anapiga vizuri, kisha raundi ya pili inaingia, na yeye anatazama miguu yake kana kwamba anangoja ianze kukataa.

Ikaja habari ya pigano la Lodwar, na kijana mrefu wa timu ya askari. Kofia akaandika: Erot ataanguka raundi ya pili. Erot akasoma, akatuambia akianguka kweli atatundika glavu, aende Kalokol apakie samaki kwenye malori. Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Shemeji yetu Lomuria akasema tuchinje mbuzi, wazee wasome matumbo. Akayatandaza, hata hayajaacha kufuka moshi akasema anaona njia nyeupe, Erot anapita, adui amelala. Najua kusoma matumbo si kazi ya wanawake. Nilisimama mbali nikapaza sauti: "Shemeji, wewe unaona unachokitaka. Macho ya nyumba hii peke yake hayatoshi."

Wakanifukuza kwa macho. Sikuondoka. Nikataka aitwe mzee Ekwam wa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, ambaye si ndugu yetu, na tangu ule ugomvi wa kisima hata hatupendi. Ndivyo ilivyokuwa zamani, hukumbuki? Jambo zito linasomwa na macho mengi, na moja liwe jicho lisilo na shida yako. Ekwam akaja. Akayageuza yale matumbo, akayageuza tena, jua likasogea. Kisha akasema, "Hapa mimi sioni kitu. Yamenyamaza."

Lomuria akacheka, ati mzee amezeeka. Mimi nikapeleka neno Ekwam apewe nyama nzuri. Kwa sababu fikiri, Akai: yule amechinja, amefungua, ameangalia ndani kabisa, kisha akasema sioni. Kofia hajachinja hata kuku, na yeye anaona mpaka raundi.

Nilikwenda Lodwar. Ndiyo, na magoti haya. Nikamkuta Kofia amekaa karibu na ulingo na soda yake. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenisaidia. Lakini alinipa kiti chake.

Nikamwambia, "Mwanangu, ile siku ya kwanza ulipomwona Erot, tulikuwa tumemzika nyanya yake. Kile kichwa kilikuwa cha matanga."

Akavua kofia. "Pole sana, shosho. Sikujua. Lakini mimi naandika tu nilichoona."

"Uliona siku moja ukaifanya maisha yake yote."

Akasema nimesema vizuri sana, ataliandika hilo. Akaninunulia soda. Nikainywa, kulikuwa na jua.

Sasa nikupe pigano lenyewe, na nitakupa lilivyokuwa. Raundi ya kwanza mtoto wetu alipigwa. Yule mrefu alikuwa anamgusa kutoka mbali kama mtu anayepima ng'ombe kwa fimbo. Raundi ya pili, ile ya kuanguka, Erot akatazama miguu yake. Nikasimama. Kisha akainua kichwa, akaingia ndani ya ile mikono mirefu, akampiga yule kijana tumboni na kando ya sikio mpaka akashika kamba. Watu wote wa Lodwar walisimama. Mimi nikamgeukia Kofia nimwone akiona. Alikuwa anabonyeza simu.

Raundi ya tatu walichoka wote wawili, na yule mrefu akapiga zaidi. Majaji wakampa yeye. Yule kijana akamkumbatia Erot, akamwinulia mkono. Ana adabu, amelelewa na mtu.

Gazeti likaja. "Kama tulivyotabiri." Ndivyo lilivyoanza, Akai. Kama tulivyotabiri. Alisema ataanguka, na Erot hakuanguka. Raundi ya pili haimo. Matanga hayamo. Wafugaji wanaochoka mapema wamo. Nilimwambia Mama Furaha asome tena, labda ameruka mahali. Hakuwa ameruka.

Na nyumbani hawakunisaidia. Lomuria akasema tumeibiwa. Majirani wakasema tumeibiwa, majaji wa Kenya hawawezi kumpa Mturkana. Hata wale ambao hawakufika Lodwar waliona kabisa jinsi tulivyoibiwa. Nikasikia Kofia kumi wamejaa uani kwangu, tofauti ni kwamba hawa walikuwa upande wetu.

Erot alikuwa amekaa ndani ya nyumba yako, glavu ametundika kwenye mti wa paa. Lori la Kalokol lilikuwa linatoka asubuhi. Nikampelekea chakula. Akaniuliza bila kunitazama, "Nyanya, wewe uliona nini?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema tumeibiwa. Ungekuwa hai wewe ungesema hivyo, na ungempa maziwa, na ungekosea.

Nikamwambia, "Ulishindwa. Raundi ya kwanza ulikuwa unapigana na gazeti. Ya pili ukapigana na mtu, na ukampiga. Ya tatu mkono wako wa kushoto ulikaa kiunoni kama mwanamke anayengoja zamu ya maji."

Akanyanyuka, akaacha chakula, akatoka. Nilikaa pale penye ngozi yako ya kulalia nikasema basi, nimemmaliza, kile Kofia alichoanza mimi nimekimaliza. Nilikutukana kidogo kwa kufa. Nisamehe, au usinisamehe, tutaonana.

Asubuhi nikasikia lori likipiga honi barabarani, likaondoka. Kisha nikasikia gunia. Lile gunia la mchanga na matambara. Pu, pu, pu, mkono wa kushoto peke yake. Nikatoka nikalishika kwa mwili, kama ulivyokuwa ukilikumbatia ukimwambia apige, ajifanye anapiga serikali. Lakini wewe ulikuwa na mwili, mimi ni mifupa iliyovaa ngozi. Konde la tatu likanikalisha chini. Erot akacheka. Tangu kichwa kile kinyolewe sikuwa nimesikia kicheko chake. Nami nikakaa pale pale mchangani nikalia, akadhani ameniumiza.

Ana pigano jingine, tena Lodwar. Kofia ameshaandika, na Mama Furaha aliponiuliza kama anisomee nilimwambia atumie gazeti kufungia maandazi yake.

Akai, nimechoka kusema, na huyu Mkongo mkono umemuuma. Huko uliko uwe mahali penye kivuli. Usigombane na mzee, mume wetu, umwachie kiti. Najua ungependa nikuahidi kwamba mtoto wako atashinda. Siwezi kukuahidi. Sijui kama atashinda, na nikikwambia najua nitakuwa nimevaa kofia. Ninachokuahidi ni hiki: popote atakapopigana nitafika, nikitembea au nikibebwa, na nitamwangalia tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho bila kugeuka. Na akiniuliza niliona nini, nitamwambia.

Mimi mke mwenzako, Nakoel.