Ndege ya Cuvelier Juu ya Kanisa

Jumapili, 3 Mei 1987

Nimeipata! Miaka ishirini na mbili ya kuinamia masanduku ya viatu kwenye masoko ya vitu vikuukuu, mgongo wenyewe umekwisha — na leo nimeipata!

Mwuzaji hata hakujua alichokuwa nacho. Ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na picha za harusi za watu wasiojulikana. Uwanja wa kanisa letu, hapahapa Courmelin. Watu wamejipanga na kofia zao za Jumapili. Na juu ya mnara — ndege! Mabawa mawili, mkia kama kasha, magurudumu ya baiskeli. Nyuma imeandikwa kwa wino: Septemba 1910.

Nikavaa uso wa mtu anayenunua vitunguu. Nikalipa, nikaondoka taratibu, nilipokata kona nikatimua mbio. Mwanamke wa miaka hamsini na minane!

Ni ndege ya Anatole Cuvelier. Athubutu mtu kuniambia siyo! Picha mia tisa za ndege za kwanza za Ufaransa ninazo kabatini, na ndege naitambua kwa nyaya zake tu. Fundi baiskeli yule aliiunda ghalani kwake. Akasema ameruka nayo asubuhi moja, kutoka kwenye kinu cha kusaga ngano hadi kanisani. Hakuna aliyemwamini. Alikufa akiitwa mwongo. Binti yake, Bibi Léontine, ana miaka themanini, anakaa nyuma ya bucha letu, na mpaka leo wapo wanaompigia mabawa kama kuku akipita. Basi! Nitawaziba midomo, mmoja mmoja.

Jumatatu, 4 Mei

Régis wangu, huku ananoa visu: eti picha mia tisa za ndege, na mwenye picha akipanda kiti kizunguzungu. Cheka tu, mume wangu.

Nimempelekea Bibi Léontine. Nilidhani atalia. Wala! Akaishika kwa ncha za vidole.

"Umeipata wapi, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Na wewe unaona ni ya kweli?"

"Bibi, ningekuwa na shaka ningekuja kukusumbua?"

Akanimiminia kahawa kikombe cha pili. Miaka yote tumekuwa majirani, sijawahi kupewa cha pili kwake.

Jumanne, 5 Mei

Mkutano wa klabu, mjini Reims. Kwetu sisi wakusanyaji, picha haihesabiki mpaka wanachama wawili waweke sahihi nyuma, kwa penseli laini. Nikaweka yangu, kubwa. Nikampa penseli mwenyekiti, Fulbert Pelleteret. Akakataa!

"Odile, watu hawa ni wangapi?"

"Arobaini na kitu. Kwani?"

"Ndege inawapita utosini, mwaka 1910, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso?"

Nikamjibu zamani mpiga picha akisema tulia, watu walitulia. Akacheka. Akasema ndiyo maana tunasaini kwa penseli, inafutika. Wivu mtupu! Ana picha za ndege za watu maarufu tele, hana hata moja ya kijijini kwake.

Jumatano, 6 Mei

Meya amekubali. Kibao cha ukumbusho ukutani pa kanisa, Jumapili baada ya misa. Anatole Cuvelier, aliruka hapa. Mimi ndiye mzungumzaji. Na gazeti limeshapata habari! Nimenunua viatu.

Alhamisi, 7 Mei

Arobaini na kitu, na hakuna aliyeinua uso. Maneno ya Fulbert yamenikaa kama mwiba wa samaki.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Safari hii sikutazama mabawa. Nikatazama magurudumu. Kuna majani. Majani ya shamba, marefu, yamelala juu ya tairi. Futi mia angani! Nikapitisha ukucha pembeni ya bawa — karatasi imenyanyuka. Imekatwa kwa mkasi, ikabandikwa.

Ee Mungu wangu. Ndege ni yake kweli. Lakini imepigwa picha ikiwa imesimama shambani.

Mimi! Kosa la mtoto wa jana. Nilimezwa na nyaya.

Ijumaa, 8 Mei

Sijamwambia mtu. Nimeharibu mguu mzima wa kondoo, Régis akanitoa kaunta. Nikisema, Bibi anachekwa upya, mara hii na kijiji kizima. Nikinyamaza, Fulbert ataiomba picha mbele ya watu, naye ukucha anao.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeamua. Bibi lazima ajue kabla, kwa kinywa changu. Uso wangu si wa kuficha kitu, na mwoga mimi siyo.

Jumapili, 10 Mei

Nimekwenda kabla ya misa. Alikuwa anajibana nywele. Nikamwambia yote kwa pumzi moja — majani, mkasi, gundi. Hakugeuka hata kidogo.

"Mkasi ulikuwa wa mama," akasema. "Gundi nilichemsha mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa hali chakula tena, kwa kuchekwa."

"Ikamsaidia?"

"Akaitazama, akasema: magurudumu hayakukaa hivyo. Akaisukumia drooni."

Nikakaa kitandani pake bila kukaribishwa. Nikauliza ilifikaje sokoni, ingawa nilishajua.

"Nilimpa yule mwuzaji. Kila mtu anajua wewe hupiti sanduku bila kulipekua."

"Umenifanya mjinga, Bibi!"

"Nimemchagua anayeaminiwa." Hapo ndipo alipogeuka. "Aliruka, Odile. Nilikuwa na miaka mitatu, niko begani kwa mama. Kijiji kizima kilikuwa shambani, kwenye mavuno ya zabibu. Hakukuwa na mpiga picha. Aliruka!"

Namwamini. Haki ya Mungu namwamini, na hasira nimejaa hadi kooni. Mtoto wa miaka mitatu, shahidi gani huyo? Lakini angeniambia vile Jumatatu, bila picha, ningemsikiliza? Nisingemsikiliza. Ningemaliza kahawa nikaenda zangu.

Sasa niko jukwaani, daftari mapajani, wanadhani napitia hotuba. Watu wamejaa, wametoka hata vijiji vya jirani. Fulbert kakaa mstari wa mbele, kioo chake cha kukuzia kinaning'inia kifuani. Picha iko kwenye fremu, mezani. Nimewahi kuhutubia mara nyingi, na kila mara nilijua neno la kwanza. Leo sijui nianze na mkasi au na kuruka, lakini viatu havinibani.

Meya amelitaja jina langu. Wote wanapiga makofi. Bibi Léontine peke yake hapigi. Mikono ameikunja mapajani, ananitazama.