Kiti cha Mutoto wa Mama Agathe

Jumanne, tarehe 2 Juni

Quorum imekosa tena. Mara ya tatu. Redio ilisema saa moja asubuhi, nilikuwa bado natoa kiti inje. Kule Kinshasa wabunge wanapashwa kukata neno: waite watu kwenye référendum ya kubadilisha Katiba, ao waiache ginsi iko. Wiki tano sasa. Upande moja ukiona utashindwa, unatoka kwenye salle. Kesho upande ingine njo unatoka. Hesabu haifiki, wanafunga, wanarudi kwao.

Leo niliandika barua mbili, zote kwa mutu moja: Honorable Hugues, député wetu kule kwenye bunge. Miaka kumi na moja naandikia watu barua kwenye ordinateur, ile kompyuta yangu, hapa Kisangani pembeni ya posta, sijaona mutu anaandikiwa hivi. Mwalimu Assumani anamuambia asiguse Katiba. Mama Rachida wa ushirika wa wauza mihogo anamuambia Katiba imezeeka, ibadilishwe. Karatasi zilitoka kwenye imprimante moja nyuma ya ingine, na hapo njo niliona: zote mbili zinaisha sawasawa. "Rudi ukae kwenye kiti yako." Na hawa watu hawajuani hata! Nilisoma mara mbili.

Sababu Hugues anafanya hivi: anaingia, anatia jina kwenye liste, kiisha anatoka. Upande huu ukitoka, anatoka nao. Upande ule, vilevile. Hakuna mutu anajua yeye anataka nini. Mimi ningependa kujua — kule kwenye couloir, inje ya salle, anafanya nini saa zote hizo? Kuko benchi? Anaongea na nani?

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Mvua asubuhi. Wateja wachache.

Bwana yangu Médard anatengeneza moteur za pirogue, lakini kila saa sita anakwenda kusimama na wanaume wengine kwenye kona ya muuza magazeti. Wanajiita parlement debout, bunge ya watu wa kusimama. Anasema wao hawajakosa quorum hata siku moja. Nilicheka, ni kweli.

Leo walisema Hugues amekula pesa za pande mbili. Nikamuuliza Médard nani aliona. Hakuna aliyeona. Alors wanajuaje? Alors kila mutu anajua. Nimekaa nafikiri hiyo: kitu hakuna aliyeiona, na kila mutu anaijua.

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Mama Agathe alikuja. Mama muzazi wa Hugues!

Kwanza sikumutambua. Mama muzee, mwembamba, amefunga pagne ya buluu, mikono ya mutu aliyepasua samaki maisha yake yote. Ni wa familia za wavuvi pale kwenye chutes, maporomoko ya muto. Alikaa, akasema anataka barua kwa mutoto wake. Nikamuuliza kama niandike kwa Kifaransa, kama wengine. Akakataa. Kifaransa Hugues ataisoma na macho tu. Swahili ataisoma na masikio.

Wateja wamemukimbia. Wale wa Assumani hawanunui samaki yake juu mutoto wake anataka kuuza Katiba. Wale wa Rachida hawanunui juu mutoto wake anazuia watu kupiga kura. Juma hii alirudi nyumbani mara tatu na bassin ya samaki imejaa. Jana mutu moja alimuambia aende kuuzia mutoto wake kwenye couloir.

Kiisha akaanza kusema barua, polepole, akiangalia vidole vyangu. Sikutazamia nilichosikia. Hakumuambia apige ndiyo ao hapana. Alimukumbusha kitu ya zamani. Baba ya Hugues alipokufa, familia ilikuwa na nafasi yake ya kuvua kwenye chutes, pale miti ya mitego inasimama ndani ya maji makali. Ilipashwa kuamuliwa: nafasi ibaki kwao ao ihamie kwa wajomba. Wazee walikaa, walingoja Hugues, mutoto wa kwanza, aseme. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Asubuhi hiyo alipanda treni ya Ubundu. Siku tisa! Wakati alirudi, muto ulikuwa umepanda, miti haikufungwa na mutu, maji ilibeba yote. Nafasi leo iko ya watu wengine.

Hugues aliwaambia wazee kwamba kule Ubundu aliugua. Mama yake alijua hakuugua. Hakusema kitu miaka ishirini na tatu.

Alitia kidole gumba kwenye wino, akafinya chini ya karatasi. Nilimupatia copie moja, nikaacha ingine kwenye machine. Siku yote sikuweza kufanya kitu ingine vizuri.

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Nilimuambia Médard. Kwa chakula, tulikuwa tunakula pondu. Sijui kwa nini. Najua. Ilikuwa habari tamu, na nilikuwa peke yangu nayo. Alisema haitatoka kwa kinywa chake.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Misa ilipoisha, mbele ya kanisa, vijana wawili wa toleka, wale wa kubeba watu, walikuwa wameegemea baiskeli zao wakicheka. Nilisikia waziwazi: "Honorable Ubundu."

Niligeuka. Médard alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyumbani alisema alimuambia mutu moja tu. Mutu moja tu! Na mimi pia nilimuambia mutu moja tu.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Sikumungoja Mama Agathe. Nilifunga kazi, nilipanda toleka mpaka kwenye chutes. Njiani nilikuwa natengeneza maneno, kufika yote ilipotea. Mama Agathe alikuwa anaparua samaki mbele ya nyumba. Nilisema tu: ni mimi. Nilimuambia bwana yangu, na yeye alimuambia mwingine.

Aliendelea kuparua. Magamba ilikuwa inaruka mpaka kwenye pagne yangu. Kiisha akauliza nilimuambia Médard mpaka wapi. Nikasema: mpaka pale muto ulibeba miti.

— Donc wamesikia nusu, akasema.

— Ndiyo, mama.

— Nusu ya maneno yangu iko inatembea muji yote kama mbuzi bila kamba. Utakuja Jumatano kwenye hiyo kona yao ya magazeti. Utawasomea yote. Wewe, na kinywa yako.

Nilijaribu kusema kwamba mimi ni mutu wa kuandika, si mutu wa kusimama mbele ya wanaume. Aliniangalia. Nikasema nitakuja. Kuna maneno mengine kwenye barua hiyo sikumuambia Médard, juu nilikuwa niliisha kuyasahau — niliona tu ile ya utamu. Nimeyasoma tena sasa. Haya inaniuma.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Nilisoma.

Walikuwa kama watu arobaini. Muuza magazeti aliondoa meza yake ili Mama Agathe apate mahali pa kukaa, lakini hakukaa. Médard alisimama nyuma kabisa. Nilifungua karatasi. Nilianza. Kwa neno Ubundu walicheka kidogo. Kwa treni walicheka tena. Kwa miti iliyobebwa hawakucheka, juu hapo kila mutu anajua nafasi moja kwenye chutes inalisha watu wangapi.

Kiisha nikafika kwa ile nusu ingine. Naiandika hapa ginsi alivyoisema:

"Mutoto yangu, ile siku na mimi nilikuwa na neno. Nilikuwa nataka nafasi ibaki. Wazee hawakuniuliza, na mimi niliogopa ndugu za baba yako, nikaenda kuosha vyombo. Wewe ulikimbilia Ubundu, mimi nilikimbilia jikoni. Sikukugombeza juu tulikimbia wote wawili. Sasa mimi nimechoka kukimbia. Ingia, ukae, useme. Hata kama utasema ile mimi sipendi, nitakupikia."

Nikashusha karatasi. Nilisikia toleka moja inapita na kengele yake.

Mwalimu Assumani alikuwa hapo. Kwa heshima akamuuliza: yeye mwenyewe, mama, iko upande gani? Watu waliguna, kama vile ameuliza kitu ya aibu. Mama Agathe alichukua karatasi kwangu, akaikunja kwanza.

— Mimi ningesema hapana. Hii Katiba niliipigia kura, nilisimama kwenye mustari tangu asubuhi mpaka jua linainama. Siijui yote. Lakini nilisimama. Sasa munajua. Asiyetaka samaki yangu, aiache juu ya neno yangu mimi, si juu ya kunyamaza ya mutoto wangu.

Na akaenda sokoni na bassin yake.

Nilimufuata mbali kidogo, nilitaka kuona. Je, watu wa Assumani watanunua sasa? Wawili walinunua. Lakini wa kwanza kabisa alikuwa Mama Rachida! Alikuwa amesikia kwenye soko, habari ilimutangulia. Alichagua samaki mbili, akavuta kiti, na wakabishana, Katiba, vijana, kazi, mpaka saa nane. Sijui nani alishinda. Sizani kuna mutu alikuwa anahesabu.

Médard alitengeneza chai yeye mwenyewe. Hakuomba musamaha kwangu, aliomba kwa Mama Agathe, kwenye barabara, mbele ya wenzake. Hiyo nimeiona.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Mutu moja alifilme kusoma kwangu. Video imefika Kinshasa. Chantal, jirani yangu, aliniita mara mbili juu ya kuniambia foulard yangu ya kichwani ilikuwa imepinda.

Hugues alipigia mama yake simu. Mama Agathe alinielezea kwa kifupi: Hugues alikasirika. Kiisha akauliza kama kweli mama yake alikuwa anataka nafasi ibaki. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo! Yeye alikimbia juu alizani mama yake anataka nafasi iende kwa wajomba, ili kuwe amani.

Nimeandika hiyo na ninaiangalia.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Hugues yuko hapa. Naandika hii na mukono, kwenye daftari, juu ordinateur imeshikwa na karatasi yake.

Alishuka na ndege ya asubuhi. Jumatatu njo siku ya mwisho ya session ya bunge, kesho anarudi Kinshasa. Nilifikiri atakwenda kwa gouverneur, kwa wakubwa. Kumbe alikuja na mama yake mpaka kwenye mulango yangu. Ni mutu mufupi kuliko kwenye affiche, zile picha za ukutani. Alinisalimia vizuri, hakusema kitu juu ya video. Alisema anataka kuandika déclaration, neno lake la wazi, aitoe leo kwa redio za hapa, kabla ya kuingia kwenye salle, ili asiweze kugeuka. Alianza kwa Kifaransa. Mama yake alikohoa. Alianza tena kwa Swahili, taratibu, kama mutu anayevuka maji bila kuona chini.

Nimeandika tarehe. Nimeandika jina lake na muji yetu. Alisema, "Ninasema," na simu yake ikalia.

Aliangalia namba. Alisimama. Sasa iko inje, chini ya chéneau, pale maji ya paa inashukia, ametupatia mugongo, na ninasikia tu "ndiyo, Mukubwa... ndiyo, nakusikia... hapana, bado." Dereva wake amewasha gari, sijui nani alimuambia. Inje watu wameanza kuja. Namuona Assumani, na Rachida ngambo ya barabara. Hakuna anayepiga kelele. Wanaangalia mugongo wake kama mimi.

Mama Agathe amesogeza kiti karibu na écran. Hajui kusoma, lakini anaona mustari ni mufupi.

Ameniuliza nimeandika nini. Nikamusomea yote: Kisangani, tarehe 13 Juni. Mimi, Hugues, député wa Kisangani, ninasema.

— Njo yote?

— Kwa sasa njo yote, mama.

Ametia kidole kwenye kioo, pale neno linaishia, taratibu, kama mutu anayegusa mutoto aliyelala.

— Hiyo "ninasema" uiache hapo. Hata akirudi na kukuambia ufute.

Inje Hugues bado anaongea. Amegeuka nusu: gari iko upande moja, sisi upande ingine.