Saa Saba Kutoka Montreal

Fez,
20 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Anwar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, na juzi aligombana na muuza nanaa sokoni, nikajua anarudi kuwa yeye.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi: "Saa saba tu hewani, mkashindwa kuningoja?"

Ni kweli, ndege inazikata zile kilomita karibu elfu sita kwa saa saba. Lakini baba alifariki alfajiri ya Alhamisi, kwako bado ilikuwa Jumatano. Ndege ilikuwa ya Alhamisi jioni yenu. Ukatua Casablanca Ijumaa asubuhi, ukangoja gari moshi, ukasafiri saa nne nyingine. Ulipoingia mlangoni alasiri, saa zako saba zilikuwa thelathini na nne.

Sikuandikii kwa ajili ya hesabu, lakini.

Ulimnyima ami Thami mkono mbele ya wageni. Ukamwambia, "Umemzika baba yangu kama mtu asiye na mtoto." Akainamisha kichwa. Anwar, ami ndiye aliyetaka ungojwe! Alishapiga simu hospitali kuulizia nafasi kwenye chumba cha baridi. Mimi ndiye niliyekataa.

Mama alikuwa amekaa kando ya maiti, kamshika baba mkono, anambembeleza: "Usilale, bwana Maati. Anwar yuko njiani." Kila aliyejaribu kumnyanyua alimfukuza. Nikaona tukimwacha hivyo hadi Ijumaa, akili yake itakwenda isirudi.

Nikamwambia ami, "Tumzike leo adhuhuri."

"Anwar atakuchukia."

"Najua."

Akavuta pumzi. "Basi mwache anichukie mimi. Mke wangu amenizoesha."

Nikacheka siku ya msiba wa baba yangu, kisha nikalia. Na nikakubali. Uoga huo ni wangu. Nimeunyamazia zaidi ya siku arobaini, huku mzee wa watu akija kila Ijumaa kula kuskusi na kuuliza kama umepiga simu.

Kumzika siku ile sijutii. Ningeulizwa tena leo, ningejibu vilevile, na ningelia vilevile kwamba hukumwona uso. Ninachojutia ni kumwachia mtu mwingine hasira iliyokuwa haki yangu.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Batul pia. Msalimie mkeo Sukaina, na umbusu Ilyas mashavu yote mawili. Mungu akulinde katika baridi hiyo na aupoze moyo wako.

Mpigie ami kwanza. Mimi hata ukinipigia mwakani, nitapokea.

Dadako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Ghizlan