Nani Anaangalia Mieleka Nawe Huko Mwanza?

Masanja, uliyekuwa mchumba wangu,

Natumaini hujambo huko Mwanza, na kama mgongo bado unakusumbua kwa yale marobota ya pamba, pole. Habari za mvua na za ng'ombe nitamwachia dada yako Mbuke, yeye ndiye mwenye subira ya kusalimia kila mtu kwa jina. Mimi nina neno moja. Nimeshaolewa, wewe umeshaoa, hayo yalikwisha. Lakini tangu uondoke Bariadi kuna kitu kinanikaba roho, na si kile ambacho watu wanadhani. Simwonei mke wako wivu kwa nyumba ya matofali wala kwa watoto mliojaliwa. Namwonea wivu kwa ile nafasi ya pembeni yako. Nimekaa miaka nikitaka kujua kama mieleka ikianza huwa anakaa hapo.

Jumamosi umeiona? Lazima umeiona. Siku hizi televisheni za watu binafsi zinatuletea mieleka kila wiki, hata mwenye kibanda cha chipsi hapa Somanda ameweka dishi. Mimi niliangalia nyumbani na mume wangu. Ni mtu mwema wa Shishiyu, anawajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa mwendo, lakini ukimwonyesha mieleka anauliza swali lile lile: "Sasa huyu kakosewa nini?" Ukimaliza kumweleza, ameshalala.

Hawa wa siku hizi wananichosha, Masanja. Mtu anaingia na moshi na taa na muziki, anauzunguka ulingo mzima akionyesha kifua, halafu anaomba kipaza sauti. Anaongea mpaka maharage yanaiva. Sisi tulikuwa tunalipa kiingilio kuona watu wakikamatana, si kusikiliza hotuba. Yule kijana aliyepaka nywele rangi ya njano, ambaye vijana wote wa sokoni wanamshabikia, mimi namwona hana kitu. Akirushwa anatazama kwanza atadondokea wapi. Na mkanda wa ubingwa unahama kiuno kila wiki, humzoei mtu akiwa nao. Ila yule mwanamke mrefu, huyo anaijua kazi. Akishaukamata mkono hauachii mpaka refa ambembeleze. Nikageuka niseme hivyo, mume wangu anakoroma. Nikajiuliza wewe huko umegeuka ukamwambia nani.

Unakumbuka tulivyoanza. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, makampuni ya pamba yamejaa mpaka vijijini, na mjomba wangu aliyepunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika akachukua kiinua mgongo chake akanunua televisheni, deki na jenereta. Ndugu walidhani amechanganyikiwa. Akajenga banda la mabati nyuma ya soko, akapanga mabenchi, akaniweka mimi mlangoni kupokea kiingilio. Alisema, "Kabula hapendi kuchekacheka na watu, hawatampita." Wasichana hawakuwa wakiingia mabanda ya video wakati ule. Mimi niliingia kwa sababu mlango ulikuwa mimi mwenyewe.

Wewe ulikuwa utingo wa lori la marobota, Bariadi kwenda Mwanza na kurudi, na ndiye uliyekuwa ukimletea mjomba kanda za kukodi. Zilitufikia zikiwa zimeshazunguka kwingine kote, na hazikuja kwa mpangilio. Mtu alinyang'anywa mkanda katika kanda ya leo, halafu wiki ijayo tunamwona ndiyo kwanza anaupigania, na banda zima linagombana ipi ilitangulia. Wazungu huko kwao wangeweza kubadilisha mabingwa wanavyotaka. Kwetu bingwa alikuwa bingwa mpaka lori lilete habari nyingine.

Watu walijigawa wenyewe. Mabenchi ya kulia yakajiita Wagika na ya kushoto Wagalu, kama kwenye mashindano ya ngoma zetu, na ukishakaa upande mmoja huhami. Majina ya wapiganaji tuliwapa sisi, maana Kiingereza cha mtangazaji kilitupita. Mizani nilimpa jina mimi. Alikuwa na tabia ya kumlalia mwenzake huku mguu unasogea taratibu mpaka kwenye kamba, apate pa kukazia, na uso ameuelekeza kwa refa kama malaika. Nikasema kutoka mlangoni, "Huyu ni mnunuzi wa pamba, anachezea mizani kwa kidole cha mguu." Banda lote lilikuwa la wakulima wa pamba. Wazee wakamchukia yule mzungu kana kwamba amewapunja wao, na mjomba akawa anajaza watu kila Mizani akiwamo.

Ngosha tulimpa jina pamoja, wewe na mimi. Lile jitu la ndevu lililokuwa likitemea mate viganja kabla ya kumnyanyua mtu, namna wanaume wa kwetu wanavyofanya kabla ya kushika jembe. Ulisema, "Huyu ni Msukuma, waliokwenda naye huko hawakutuaga." Nikasema, "Basi ni ngosha," yaani ni mwanaume hasa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Hata watoto waliokuwa wakichungulia kwenye matundu ya mabati walimwita hivyo.

Kilichokuwa chetu peke yetu ni saa ya kujaribu kanda. Lori likifika mchana, kanda mpya inajaribiwa kabla watu hawajaja, tuone kama haina chenga. Mjomba nje na jenereta yake, mlango wazi watu wasiseme, na sisi wawili kwenye benchi la mbele. Tulikuwa na makubaliano: huko Mwanza huigusi. Unaileta imefungwa kwenye gazeti, tunaifungua wote. Wasichana wengine waliletewa vitenge na mafuta ya nywele. Mimi uliniletea kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiona, na nilijiona nimewazidi wote. Ngosha akielemewa ulikuwa unanishika mkono, akinyanyuka unauachia, na nilikuwa naomba aelemewe kidogo zaidi.

Mjomba akichungulia anauliza, "Inakwaruza?"

Tunajibu, "Bado tunaangalia, mjomba."

"Nduhu mhayo," anasema, hakuna neno, anarudi kwenye jenereta. Alijua. Watu wa kwenu walikuwa wameshafika kwa baba, na ng'ombe walishaanza kuzungumzwa.

Halafu ikaja kanda ile. Ngosha alikuwa akipigana pamoja na yule tuliyemwita Mdogo Wake, wawili dhidi ya Mizani na rafiki yake. Wameshinda. Refa amewainua mikono, watu wamesimama, Ngosha amempa Mdogo Wake mgongo anawapungia mashabiki. Na wewe, ukiwa unatafuna karanga, macho kwenye televisheni, ukasema, "Angalia kiti."

Nikaangalia. Hapakuwa na kiti. Palikuwa na ulingo, refa na watu wawili waliokuwa wakifurahi. Ndipo Mdogo Wake akainama, akavuta kiti cha chuma kutoka chini ya ulingo, akamtandika nacho Ngosha mgongoni. Kwa siku nyingine ningepiga yowe mpaka mjomba akimbilie ndani. Siku ile nilikuwa nakutazama wewe, na wewe ulikuwa umeacha kutafuna.

"Umekiona wapi?" nikakuuliza.

"Nimebahatisha tu."

"Masanja, kiti hakibahatishwi."

"Basi niliijaribu huko huko. Nisije nikawaletea kanda mbovu."

"Umeijaribu wapi? Lori lenu lina deki?"

"Kwa mtu tu. Mtu wa Kirumba, ana deki nyumbani."

"Huyo mtu hana jina?"

"Yaya, hapana, Kabula, si hivyo unavyofikiri. Tuliangalia tu, geete, kweli tupu. Hata yeye alisikitika Bonge alivyopigwa."

"Bonge ndiyo nani?"

Ukarudi kwenye karanga zako. Tulikaa pale, Ngosha amelala kifudifudi ulingoni, na mjomba akachungulia akauliza kama inakwaruza.

Wengine huwakamata wanaume zao kwa harufu ya manukato kwenye shati. Mimi nilikukamata kwa kiti. Dada zangu walipoisikia sababu yangu walicheka mpaka wakaegemeana. Walisema kumtazama mzungu akipigwa si dhambi popote pale. Sikuweza kuwaeleza, na sijui kama leo naweza. Ungelala kwake ukaja na kanda haijafunguliwa, Mungu anisamehe, labda ningelia kisha yakaisha. Lakini mlikaa. Mkashtuka pamoja. Kisha ukaja kukaa na mimi ukiwa unajua kila kitu. Nikaanza kuzipitia kichwani kanda zote za nyuma, kila mahali uliponishika mkono, nikijiuliza ni mara ngapi ulikuwa umeshajua kwamba atanyanyuka. Watu wa banda walikuwa wakibishana kila siku kama mieleka ni ya kweli au ya kuigiza. Kwa ulingoni sijui mpaka leo. Kwenye benchi letu kulikuwa na mtu anaigiza. Nilimwambia baba awaambie watu wa kwenu wasilete ng'ombe, na msimu uliofuata nikasikia umehamia Kirumba moja kwa moja, umemwoa huyo mwenye deki.

Na lile jina la Bonge, Masanja. Lile ndilo linaloniuma hasa. Mwanamke ambaye hakuwepo siku tunampa Ngosha jina lake, amemtazama mara moja akampa jina la hovyo, na wewe ukalichukua ukaja nalo mpaka kwenye banda la mjomba wangu.

Tangu hapo nimemwona kwa macho ya mawazo mara nyingi kuliko ninavyowaona majirani. Amekaa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa, miguu ameikunja, soda mkononi. Televisheni yake ina rangi nzuri. Ile ya mjomba, unaikumbuka, iliwafanya watu wote kuwa kijani, wazungu kwa weusi; mpaka leo mimi sijui suruali ya Ngosha ilikuwa ya rangi gani. Yeye anajua. Nikipika nawaza hilo. Nikipalilia pamba nawaza kwamba kuna mtu Kirumba aliyeyaona kwa rangi zake mambo ambayo ni yangu, tena akiwa na wewe, na pengine hata hakuyajali.

Mjomba ameshalifunga banda. Dishi zilipoingia watu walipungua, sasa anauza vipuri vya baiskeli na hataki kuulizwa habari za deki.

Wiki iliyopita Mbuke alishuka kwenye basi na dagaa wa Lamadi, akapita kunisalimia. Nilimzungusha sana. Nikauliza watoto wenu, nikauliza kazi yako, nikauliza bei ya samaki, nikamwekea chakula, kisha nikasema kama mtu asiye na haja ya jibu, "Na mieleka huko wanaangalia?"

"Kaka anaangalia," akasema. "Yule siku ya Jumamosi haambiliki."

"Na wifi yako?"

"Wifi? Hapendi hata kuisikia. Siku za uchumba ndiyo alikuwa anajikaza, anashangilia hata asichokielewa. Siku hizi ikianza tu anachukua kitabu chake cha nyimbo, huyo, anakwenda kwaya. Kaka anabaki anaisemesha televisheni."

"Peke yake?"

"Sasa na nani? Watoto anawafukuza, wanapiga kelele."

Nilimwongezea Mbuke ugali ambao hakuuomba. Nikatoka nje nikajifanya naangalia moto, maana uso wangu nisingeweza kuuficha. Nilidhani nitakuonea huruma, mtu mzima na familia yake anaongea na kioo. Huruma niliingoja, haikuja. Nilifurahi, Masanja. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu, na aibu yenyewe haikunipunguzia furaha.

Kumbe Jumamosi ile mimi nikimwambia mambo mtu anayekoroma, wewe nawe ulikuwa unauambia yale yale ukuta wa Kirumba. Pengine kuhusu yule mwanamke mrefu tumesema neno moja. Pengine wewe unamwona hafai na unampenda yule wa nywele za njano. Una udhaifu wa kupenda wanaojionyesha. Usinieleze. Ukinieleza nitataka kukubishia, na nikianza kubishana nawe sitajua pa kuachia.

Barua hii nimeipeleka gazetini kwa sababu najua gazeti unalifungulia nyuma, kwenye michezo. Mume wangu amesomewa yote. Amecheka, akauliza Ngosha ndiyo nani, na kabla sijamaliza kumweleza unajua kilichotokea.

Msalimie mke wako. Simtakii baya lolote, nasema kweli. Mungu ampe afya, amlindie sauti yake, watoto wamheshimu, mzeeke pamoja mpaka mvuke barabara mmeshikana mikono. Kila jema limfikie. Ila mieleka, asije akajifunza kuipenda.

Mchumba wako wa kwanza,
Bariadi